Injini Inapochemka: Jinsi ya Kutambua Hitilafu za Feni Katika Gari la Safari Ngumu

SOMO LA MWANANCHI: USALAMA BARABARANI NA UTUNZAJI WA MAGARI

Katika kaunti yetu gari la kuhimili njia mbovu si la starehe. Ndilo linalompeleka mama mjamzito kliniki kutoka Shompole. Ndilo linalobeba chanjo za mifugo, maji ya shule, mboga za Nguruman na mbuzi wa soko la Bisil. Gari hilo likizimika njiani kwa sababu ya joto, anayeumia si mwenye gari peke yake.

Injini nyingi zinazoharibika kwa kuchemka zilitoa dalili kwanza. Mara nyingi chanzo huwa kidogo: feni isiyovuta hewa ya kutosha, mkanda uliolegea, au fyuzi iliyoungua. Dalili ikipuuzwa, kichwa cha injini hupinda, gasketi hupasuka, na kazi ambayo ingechukua asubuhi moja hugeuka kuwa ya kufungua injini nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukimaliza somo hili utaweza:
1. Kueleza kazi ya feni na wakati ambapo injini inaitegemea.
2. Kutofautisha hitilafu ya feni na hitilafu nyingine zinazofanana nayo.
3. Kupima feni ya klachi na feni ya umeme bila vifaa vya bei ghali.
4. Kujua la kufanya gari likichemka mbali na fundi.

FENI INAFANYA KAZI GANI?

Injini ikichoma mafuta, sehemu kubwa ya nguvu hugeuka kuwa joto. Pampu huzungusha maji yaliyochanganywa na kulanti ndani ya injini, yakabeba joto hilo hadi kwenye rejeta. Kati ya injini na rejeta kuna mlango mdogo unaoitwa thamostati. Katika injini nyingi mlango huu huanza kufunguka maji yanapofika nyuzi 80 hivi. Kwenye rejeta, hewa hupita katikati ya mapezi membamba na kuondoka na joto.

Hewa hiyo inatoka wapi? Gari likienda kilomita 80 kwa saa katika barabara ya Namanga, upepo wenyewe unatosha. Lakini gari likisimama kwenye msongamano wa Rongai saa kumi na mbili asubuhi, au likijikokota kwa gia ya kwanza kwenye mchanga, hakuna upepo wa maana. Hapo hewa yote hutegemea feni.

Kumbuka kanuni hii, kwa sababu somo lote limejengwa juu yake: mwendo mdogo, kazi ni ya feni; mwendo mkubwa, kazi ni ya upepo.

KWA NINI KAJIADO NI MTIHANI KWA FENI

Tazama barabara ya Magadi. Kutoka Rongai iliyo takriban mita 1,700 juu ya bahari, unapanda kupitia Kiserian hadi Kona Baridi. Kisha unateremka Bonde la Ufa, unapita Oltepesi na Olorgesailie, hadi Magadi iliyo karibu mita 600. Kona Baridi unaweza kuhitaji sweta. Magadi joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Rejeta iliyokuwa ikipoza vizuri kwa hewa baridi sasa inapewa hewa ya moto. Ukiendelea mbele kuelekea Shompole kuna vumbi na mchanga, na mwendo unapungua. Wakati wa kurudi kuna mlima mrefu wa kupanda ukiwa na mzigo.

Kuna jambo la pili. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwa hiyo sufuria ya maji mjini Rongai huchemka karibu nyuzi 94, wala si 100. Gari huepuka tatizo hili kwa kizibo cha rejeta, ambacho hufungia shinikizo ndani na kuyafanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 115. Kizibo kikiwa kimechoka, mpira wake ukiwa umepasuka, injini yako itachemka mapema hata kama feni ni nzima. Ndiyo maana kizibo ni kitu cha kwanza kukaguliwa.

ANZA NA SWALI: LINACHEMKA WAKATI GANI?

Kabla ya kushika spana, muulize dereva swali hili. Jibu lake litakuonyesha uanzie wapi.

Linapanda joto kwenye msongamano au njia ya polepole, lakini likitoka na kushika mwendo geji inashuka. Shuku feni, klachi yake, umeme wake au kava lake.

Liko sawa likisimama, lakini joto linapanda kwenye mwendo mkubwa barabara ya lami. Feni haina kosa kubwa hapo. Shuku rejeta iliyoziba, maji yaliyopungua, thamostati isiyofunguka vizuri, au pampu ya maji iliyochoka.

Joto linapanda ghafla na taa ya betri inawaka kwenye dashibodi. Katika magari mengi mkanda mmoja huendesha feni, pampu ya maji na jenereta. Mkanda huenda umekatika. Zima injini mara moja.

Joto linapanda wakati wowote, maji yanapungua bila kuonekana yanapovujia, na moshi wa nyuma ni mweupe. Shuku gasketi ya kichwa cha injini. Hilo ni la fundi.

Geji ilikuwa juu, ikashuka ghafla hadi chini huku injini ikinguruma vibaya. Usifurahi. Inawezekana maji yameisha kabisa na kipimo cha joto kimebaki hewani, hakina maji ya kupima. Simama, zima.

JUA AINA YA FENI ULIYO NAYO

Fungua boneti injini ikiwa baridi. Kama feni imefungwa mbele ya injini na inaendeshwa na mkanda, hiyo ni feni ya mkanda, na mara nyingi ina klachi katikati. Ndiyo iliyo kwenye Land Cruiser za 70 zenye injini ya dizeli ya 1HZ, Land Rover Defender za Tdi, na pikapu nyingi za Hilux. Klachi hiyo ni kisanduku cha mviringo chenye mapezi ya chuma. Ndani yake mna mafuta mazito ya silikoni, na mbele yake kuna springi ndogo ya chuma inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikiwa baridi, feni huteleza na kuzunguka polepole, ikiokoa mafuta na nguvu. Hewa ikiwa moto, springi hufungua njia, mafuta ya silikoni hushika, na feni huvuta kwa nguvu.

Kama feni imefungwa kwenye rejeta yenyewe na ina nyaya za umeme, hiyo ni feni ya umeme. Utaipata kwenye RAV4, Subaru Forester, X-Trail, na pia Probox ambazo kwa kweli hazikutengenezwa kwa njia za mawe lakini huku kwetu zinazipita kila siku. Feni hii huwashwa na kompyuta ya gari au swichi ya joto, kupitia rilei na fyuzi.

ONYO: Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa, mradi bado ni moto. Toa plagi yake au ondoa waya hasi wa betri kabla ya kuingiza mkono. Vua tai, leso, shuka na mkufu. Usikae mbele ya mapanga ya feni yoyote inayozunguka.

KUPIMA FENI YA KLACHI

Hatua ya 1. Injini ikiwa baridi na imezimwa, kagua mkanda. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: kwa mikanda mingi ya aina ya V, ukizama kama sentimita moja, uko sawa. Ukizama zaidi, umelegea na feni inazunguka pungufu. Tazama nyufa, nyuzi zinazochomoza na uso unaong'aa kama kioo. Mkanda unaong'aa unateleza, hata kama haupigi kelele.

Hatua ya 2. Zungusha feni kwa mkono. Inapaswa kuzunguka kwa uzito kidogo, kisha kusimama yenyewe. Ukiisukuma ikaendelea kuzunguka mara nyingi kama gurudumu la baiskeli lililoinuliwa, mafuta ya silikoni yamekwisha na klachi imekufa. Ikikataa kabisa kuteleza kwenye klachi, imekwama. Haitachemsha injini, lakini itakula mafuta na kunguruma muda wote.

Hatua ya 3. Shika ncha za mapanga mawili yanayotazamana, tikisa mbele na nyuma. Ikicheza sana, beringi ya klachi au ya pampu ya maji imekwisha. Usisafiri. Feni ikichomoka huingia kwenye rejeta na kuikata.

Hatua ya 4. Tazama uso wa klachi. Alama nyeusi za mafuta yaliyonata pamoja na vumbi, zikitoka katikati kwenda nje, zinaonyesha silikoni imevuja.

Hatua ya 5. Sikiliza. Unapowasha gari asubuhi, feni nzima mara nyingi hunguruma kwa sekunde chache, kisha hutulia. Injini ikishika joto kali, ngurumo hurudi, kama lori linalopita mbali. Ikiwa geji inapanda na hujasikia feni ikibadilisha sauti hata mara moja, klachi haishiki.

Hatua ya 6. Injini ikiwa moto na ikinguruma bila mwendo, simama mbele ya gari, upande wa grili, ukiwa mbali na mapanga. Shikilia kipande cha karatasi ngumu mbele ya grili. Feni nzuri huivuta na kuibana pale. Karatasi ikianguka, hewa haivutwi vya kutosha.

Baadhi ya klachi hufunguliwa na kuongezwa mafuta ya silikoni ya uzito uliopendekezwa; nyingine hubadilishwa nzima. Kamwe usiweke mafuta ya injini au grisi badala ya silikoni. Na kabla ya kulazimisha spana, jua kwamba katika baadhi ya injini, zikiwemo za Defender za Tdi, nati kubwa ya feni imekatwa kinyume: hufunguka kuelekea mwendo wa saa. Mafundi wengi wamevunja pampu nzima kwa kutojua hilo.

KUPIMA FENI YA UMEME

Hatua ya 1. Washa injini, kisha washa kiyoyozi. Katika magari mengi feni huanza mara moja au baada ya muda mfupi. Ikianza, mota yake ni nzima, na shaka inahamia kwenye swichi ya joto au nyaya zake. Ikikataa, endelea.

Hatua ya 2. Tafuta fyuzi ya feni kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti. Huwa ni kubwa, mara nyingi ya ampia 30 au 40. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya namba ileile. Ikiungua tena, mota imechoka au waya umegusa chuma. Usifunge waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla gari halijaungua.

Hatua ya 3. Badilisha rilei. Katika magari mengi rilei ya feni inafanana na nyingine ndani ya kisanduku kilekile, kwa mfano ya honi. Hakikisha namba na miguu vinalingana, kisha zibadilishane. Feni ikianza, umepata mkosaji.

Hatua ya 4. Toa plagi ya feni na uiunganishe mota moja kwa moja na betri kwa nyaya nene zenye fyuzi. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima. Tatizo liko kabla yake. Ikizunguka kwa uvivu au ukilazimika kuisukuma ndipo ianze, imechoka. Leo itakufikisha Kiserian, kesho itakuacha Olorgesailie.

Hatua ya 5. Kagua waya wa ardhi, ule ulioshikamana na bodi ya gari. Kutu na vumbi la magadi hula mahali pale. Kwaruza, kaza, pima tena.

Hatua ya 6. Hakikisha hewa inaelekea upande sahihi. Feni iliyo nyuma ya rejeta inapaswa kuvuta hewa kutoka mbele kwenda kwenye injini. Mota ikibadilishwa na nyaya zikageuzwa, feni huzunguka vizuri kabisa lakini inasukuma hewa nje, ikishindana na upepo wa gari. Tumia karatasi ileile: ikisukumwa mbali na grili, geuza nyaya.

KAVA LA FENI: KITU KINACHOTUPWA KIMAKOSA

Plastiki ile inayozunguka feni si pambo. Huilazimisha hewa ipite kwenye rejeta nzima. Bila kava, feni huvuta hewa ya duara dogo lililo mbele yake tu, na pia huirudisha hewa ya moto kutoka pembeni. Mara nyingi rejeta hubadilishwa na kava jipya halitoshi, basi huachwa karakana. Gari likirudi Nairobi kwa lami halina shida. Likiingia mchangani linachemka, na lawama inaangukia dereva.

Ukichukua gari kutoka kwa fundi, uliza: kava liko wapi?

MFANO WA KUFUNZIA

Chukua gari moja la kikundi, Land Cruiser ya dizeli. Dereva anaeleza hivi: "Asubuhi kwenye msongamano wa Rongai geji ilipanda kidogo. Kuteremka Magadi ilikuwa sawa kabisa. Tulipoingia mchangani ikachemka. Kurudi, mlima wa Kona Baridi ulitusimamisha mara tatu."

Tufikiri pamoja. Msongamano: mwendo mdogo, joto juu. Mteremko: upepo mwingi na injini haifanyi kazi nzito, joto chini. Mchanga: mwendo mdogo, kazi nzito, hewa ya moto, joto juu sana. Mlima na mzigo: vilevile. Kila mahali penye mwendo mdogo pana tatizo, na kila mahali penye upepo hapana. Ushahidi unaelekea kwenye feni.

Sasa tunapima kabla ya kununua chochote. Maji yako sawa, kizibo kizuri. Mkanda umekaza. Feni ikisukumwa kwa mkono inazunguka huru mizunguko mingi. Usoni kuna alama za mafuta. Klachi imekufa. Kama fundi angeanza kwa kubadilisha rejeta, kikundi kingetumia fedha nyingi na gari lingechemka tena safari ijayo.

Lakini tuseme feni ingepita mtihani huo. Tungetazama mbele ya rejeta: mbegu za nyasi, wadudu, matope yaliyokauka, taa kubwa au gurudumu la akiba lililofungwa mbele ya grili. Rejeta husafishwa kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotokea. Mashine ya nguvu ya kuoshea magari hulaza mapezi na kuiziba kabisa.

NJIA ZA MKATO ZINAZOGHARIMU

Kung'oa thamostati. Ni ushauri unaosikika kila kona. Injini bila thamostati hufanya kazi ikiwa baridi mno, hula mafuta na kuchakaa upesi. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi thamostati pia hufunga njia ya pembeni inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi, na gari linaweza kuchemka zaidi kuliko mwanzo.

Kuunganisha feni ya umeme moja kwa moja ili izunguke daima. Inafaa kama msaada wa njiani tu. Ikiachwa hivyo, mota huisha mapema, betri hunyongeka, na kosa la kweli hubaki limefichwa.

Maji yoyote yale. Maji ya visima vingi vya Kajiado yana chumvi nyingi, na chumvi huganda ndani ya rejeta kama inavyoganda ndani ya birika. Maji ya Ziwa Magadi ni mabaya zaidi, kwa sababu magadi hula alumini. Tumia kulanti pamoja na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali kuliko ya kisima. Njiani, ukikosa, weka maji yaliyopo ufike, kisha yaondoe yote na usafishe.

GEJI IKIPANDA NJIANI

1. Zima kiyoyozi. Washa hita ya ndani hadi mwisho na ufungue madirisha. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Itawatoa jasho lakini inaweza kuiokoa injini.

2. Ondoka barabarani mahali salama, penye nafasi. Weka pembetatu za kuakisi mwanga, zile ambazo wengi huita laifseva.

3. Kama hakuna mvuke, taa ya betri haijawaka na maji hayavuji, iache injini ingurume bila mzigo kwa kasi kidogo kuliko kawaida. Geji isiposhuka ndani ya dakika moja au mbili, zima.

4. Kama kuna mvuke, zima mara moja. Usifungue boneti mpaka mvuke upungue.

5. USIFUNGUE KIZIBO CHA REJETA INJINI IKIWA MOTO. Shinikizo likitoka ghafla, maji ya zaidi ya nyuzi 100 hugeuka mvuke na kukurukia usoni. Ngoja angalau nusu saa. Kama bado mpira wa juu wa rejeta ni mgumu ukiubonyeza kwa kitambaa, ngoja zaidi. Kisha funika kizibo kwa kitambaa kinene, uso ukiwa kando, na ukizungushe kidogo kidogo.

6. Ongeza maji polepole. Usimwage maji baridi mengi ndani ya injini ya moto iliyokauka, kwa maana chuma hupasuka.

7. Usitumie maji yote ya kunywa kwenye rejeta. Kati ya Oltepesi na Magadi makaazi ni machache na jua ni kali. Watu kwanza, gari baadaye.

Ukigundua kwamba klachi ya feni imekufa na uko mbali, punguza mzigo kama inawezekana, ngoja jua lipungue, na utafute mwendo wa wastani usiokatika. Upepo utafanya kazi ya feni. Mlimani, simama kabla geji haijafika mwisho, wala si baada yake.

Mtu akiungua, mwagie sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Kuungua usoni au kwa eneo kubwa ni dharura. Piga 999 au 112.

MVUA NA MITO YA MSIMU

Usiingize gari kwenye mto wa msimu unaofurika, hata liwe refu kiasi gani. Kwenye maji tulivu na mafupi ambayo umeyapima kwa miguu, pita polepole bila kusimama. Ukiingia kwa kasi, maji hupiga mapanga ya feni, yakapinda kwenda mbele na kukata rejeta. Ukishatoka, kagua: matope kwenye mapezi ya rejeta yakikauka huwa kama saruji. Yaoshe siku hiyohiyo.

KULANTI NA MIFUGO YETU

Kulanti nyingi huwa na kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Ina ladha tamu na ni sumu kali. Mbwa, ndama, mbuzi au mtoto akiilamba kidogo tu anaweza kuharibikiwa na figo na kufa. Kwa hiyo:

Usiimwage chini karakana, kando ya boma wala karibu na birika la mifugo.
Ikinge kwenye chombo chenye kifuniko unapofungua rejeta.
Usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.
Ikimwagika, funika kwa mchanga au vumbi la mbao, izoe na uiweke mbali na wanyama.

KABLA YA SAFARI: UKAGUZI WA DAKIKA KUMI

Injini ikiwa baridi: kiwango cha maji kwenye rejeta na kwenye chupa ya akiba, mpira wa kizibo, mkanda wa feni, mipira ya juu na chini, uso wa rejeta, kava na mapanga ya feni, feni kuzungushwa kwa mkono au kupimwa kwa kiyoyozi. Ndani ya gari: lita 10 za maji ya gari mbali na maji ya kunywa, mkanda wa akiba, fyuzi mbili za feni, kitambaa kinene, glavu, tochi na pembetatu za onyo.

JIPIME

1. Gari linachemka Kitengela kwenye msongamano, lakini likifika Isinya kwa mwendo mzuri geji inashuka. Utakagua nini kwanza?
2. Joto limepanda na taa ya betri imewaka kwa wakati mmoja. Unafanya nini?
3. Feni ya umeme inazunguka vizuri, lakini karatasi mbele ya grili inasukumwa mbali. Kuna nini?
4. Fundi anakushauri ung'oe thamostati "kwa sababu huku ni joto". Utamjibu nini?

Majibu: (1) Feni na vinavyoiendesha, pamoja na kava lake, kwa sababu tatizo linakuja wakati hakuna upepo. (2) Zima injini mara moja na ukague mkanda. Bila mkanda pampu ya maji haizunguki. (3) Nyaya za mota zimegeuzwa, feni inasukuma hewa upande usiofaa. (4) Kwamba injini ilitengenezwa ifanye kazi nayo, na katika injini nyingi kuing'oa huyafanya maji yasipite kwenye rejeta ipasavyo. Ipimwe, ikiwa mbovu, ibadilishwe.

Hifadhi ukurasa huu ndani ya gari, na umsomee dereva wako au kijana anayejifunza ufundi.